Mzigo wa Njiani na Mzigo wa Kambini: Historia ya Uchovu na Maumivu ya Wafanyakazi katika Maeneo ya Kiswahili

Ikisiri

Makala haya yanafuatilia namna uchovu na maumivu ya mwili ya wafanyakazi yalivyotajwa, yalivyopimwa na yalivyopuuzwa katika maeneo yanayozungumza Kiswahili, kuanzia misafara ya wapagazi ya karne ya 19 hadi hojaji za afya kazini za siku hizi. Hoja yake ni kwamba mwajiri, na baada yake dola, walizoea kuhesabu mzigo uliobebwa kwa ujira peke yake, ilhali mwili uleule ulikuwa ukibeba mzigo wa pili wa maji, kuni, mapishi na malezi. Mpaka baina ya mizigo hiyo miwili haukuwa wa asili; ulichorwa kwa posho, kwa karatasi za ajira na kwa sheria za fidia, na neno kazi lenyewe limebaki na alama zake. Mifano mikuu inatoka katika njia ya msafara ya Bagamoyo na Tabora, Vita Kuu ya Kwanza, kambi za wachimbaji wa Katanga na bandari ya Mombasa.

Utangulizi

Katika Kiswahili lipo neno mavune, linalotaja maumivu ya viungo yanayomwandama mtu baada ya kazi nzito, hasa asubuhi inayofuata. Mavune si ugonjwa wala si jeraha, na si sawa na uchovu. Mchovu hulala akaamka amepata nafuu. Mwenye mavune huamka mwili ukiwa bado unamdai. Kwa mtafiti wa afya ya kazi, neno hili lina thamani kubwa kwa sababu linaunganisha maumivu na chanzo chake, yaani kazi, bila kuuliza kazi hiyo ilikuwa ya nani. Hamali aliyeshusha magunia ana mavune. Mwanamke aliyepalilia shamba la mwajiri kutwa, kisha akatwanga na kuchota maji jioni, naye ana mavune, na hakuna awezaye kuyagawa mafungu mawili, hili la tajiri na hili la nyumbani.

Taasisi za kazi, kinyume cha lugha, zimesimama juu ya mgawanyo huohuo. Rejista ya mahudhurio huanza mtu anapoingia langoni na hukoma anapotoka. Sheria ya fidia huuliza kama dhara lilitokea kazini. Daktari wa kampuni humuuliza mgonjwa anafanya kazi gani, naye hujibu kwa jina la cheo chake. Hivyo saa za mwili zilizobaki hazina mahali pa kuandikwa. Wahenga walikwishaona tabia ya macho ya binadamu waliposema kwamba mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Lakini methali hiyo inazungumzia mzigo unaoonekana, ila ukadhaniwa mwepesi. Mzigo unaojadiliwa hapa haukuonekana kabisa.

Historia ya kazi katika eneo hili imeandikwa kwa upana na wanahistoria wa uchumi na wa siasa za vyama vya wafanyakazi. Kilichofanywa kidogo ni kuisoma historia hiyo kwa kuufuata mwili wa mfanyakazi hadi nyumbani kwake, na kuzingatia maneno aliyokuwa nayo ya kuueleza. Makala haya yanajaribu kufanya hivyo katika vituo vichache tu vya safari ndefu.

Msafara wa bara na kambi yake

Neno mpagazi linatokana na kitenzi pagaa, chenye maana ya kuchukua mzigo begani au kichwani. Kitenzi hichohicho hutumika kwa pepo anayempanda mtu, na ndipo tukapata kupagawa. Huenda isifae kutafuta falsafa nzima ndani ya mzizi mmoja, lakini si bure kwamba lugha iliona mfanano baina ya mtu aliyeelemewa na mzigo na mtu ambaye mwili wake haumtii tena.

Mzigo wa kawaida wa mpagazi katika njia ya kati, kutoka Bagamoyo kupitia Ugogo hadi Tabora, ulikuwa wa takriban frasila mbili, yaani ratili 70 au kilo 32 hivi. Wabeba pembe walizidi hapo. Safari hiyo ya kilomita zipatazo 800 ilichukua miezi miwili hadi mitatu. Takwimu hizi hurudiwa katika vitabu vingi, na kwa kuwa ni za mzigo wa biashara, ndizo zilizoingia katika mikataba. Hazijumuishi mkeka wa mpagazi, sufuria au chungu chake, chakula cha siku kadhaa, na mara nyingi bunduki au mkuki. Mzigo wa njiani ulikuwa na mwenye mali. Mzigo wa kambini ulikuwa wa mpagazi mwenyewe.

Utaratibu wa siku unalidhihirisha jambo hili zaidi. Msafara uliondoka alfajiri na kwa kawaida ulitua kabla jua halijawa kali sana au adhuhuri. Wasafiri wengi wa Ulaya waliandika kana kwamba siku ya mpagazi iliishia hapo, na baadhi yao walistaajabu kwa nini watu waliopumzika tangu adhuhuri walilalamika kesho yake. Hawakuangalia, au waliangalia bila kuhesabu, kilichofuata: kujenga vibanda na uzio wa miiba, kutafuta kuni, kufuata maji ambayo wakati wa kiangazi yaliweza kuwa mbali, kununua nafaka vijijini, kutwanga, kusaga na kupika. Palipokuwa na nyika isiyo na maji, msafara ulifanya mwendo wa mchana uliojulikana kama tirikeza au terekeza: watu walipika na kunywa kabla, wakaondoka baada ya adhuhuri, wakalala porini bila maji na kuendelea alfajiri. Siku hiyo kazi ya kambini haikufutwa. Ilisukumwa mbele na kufungwa pamoja na kazi ya njiani.

Wapagazi walikabili tatizo hili kwa namna mbili. Kwanza, waligawana katika vikundi vidogo vya chakula, kila kikundi na moto wake, ili wengine waende majini na wengine wabaki na chungu. Pili, wengi walisafiri na wake zao. Stephen Rockel, katika utafiti wake kuhusu wanawake wa misafara na baadaye katika kitabu chake cha mwaka 2006, ameonyesha kwamba wanawake hawakuwa wafuasi wa pembeni. Walibeba vyombo na chakula, walipika, waliuza na kununua, na baadhi walibeba mizigo ya ujira kama wanaume. Msafara wa Henry Morton Stanley uliotoka Bagamoyo Novemba 1874, ambao kumbukumbu zake ni nyingi, ulikuwa na watu zaidi ya 300, wakiwamo wanawake 36. Wanawake hawa walitembea mwendo uleule wa wanaume, baadhi yao wakiwa wajawazito au na watoto mgongoni, kisha wakaanza zamu ya pili wanaume walipotua mizigo. Kwa maneno mengine, nyumba haikuachwa nyuma pwani au Unyamwezi. Ilitembea.

Msemo wa "mzigo mzito mpe Mnyamwezi" ulizaliwa katika mazingira hayo. Husemwa kwa sifa, na Wanyamwezi wenyewe waliujivunia upagazi kama kazi ya heshima na njia ya kijana kuthibitisha utu uzima wake. Hata hivyo, msemo huu unafanya kazi nyingine kimyakimya: unahamisha uwezo wa kubeba kutoka katika mpangilio (mke, kikundi cha chakula, nafaka ya njiani, siku za kupumzika) na kuuweka katika kabila. Ukishaamini kwamba nguvu iko katika damu ya mtu, huna haja ya kuuliza nani alimpikia.

Unga uliopikwa nusu

Swali hilo lisiloulizwa lilileta maafa miaka ya 1914 hadi 1918. Jeshi la Uingereza lililopigana na Wajerumani katika Afrika Mashariki lilitegemea wapagazi kwa kiwango ambacho misafara ya biashara haikupata kukifikia. Kikosi chao, kilichoongozwa na Oscar Watkins, kimeacha jina katika miji yetu: Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi. Mwaka 1917, chini ya usimamizi wa John Ainsworth, uandikishaji wa nguvu katika Kenya pekee ulikusanya watu zaidi ya 100,000 katika miezi michache. Upande wa Wabelgiji, majeshi yaliyopita Rwanda na Burundi kuelekea Tabora mwaka 1916 nayo yalibebewa vifaa na maelfu ya wapagazi, na Wajerumani walifanya vilevile. Makumi ya maelfu ya wapagazi hawakurudi. Wengi wao hawakuuawa kwa risasi. Waliuawa na maradhi, hasa ya kuhara damu, malaria na homa ya mapafu.

Ni muhimu kutazama kwa karibu jinsi kuhara huko kulivyosababishwa, kwa sababu ndiko kunakounganisha mzigo wa kazi na mzigo wa nyumbani kwa uwazi usiopatikana penginepo. Mzigo rasmi wa mpagazi wa jeshi ulikuwa mwepesi kuliko ule wa misafara ya zamani. Tukipima kwa kipimo cha mwajiri, basi, hali ilikuwa imeboreshwa. Lakini wapagazi hawa walichukuliwa bila wake na bila vikundi vyao vya chakula. Walipewa posho ya unga wa mahindi, chakula ambacho wengi hawakukizoea. Waliotoka sehemu za ndizi au za ulezi waliumia zaidi. Unga huo, na hasa ukiwa umesagwa vibaya, unahitaji moto wa kutosha, chungu na muda. Mtu aliyefika kambini jioni katika mvua, kuni zimelowa, sufuria moja kwa watu wengi, na kesho kuna safari nyingine, hakuupika mpaka ukaiva. Alikoroga, akala, akalala. Tumbo lililokwisha kudhoofika halikuuweza.

Madaktari wa kijeshi waliligundua hili, kama Geoffrey Hodges alivyoeleza katika historia yake ya kikosi hicho. Hatua zilizosaidia hazikuhusu uzito wa mzigo. Zilihusu mapishi: wapishi, vyombo, unga bora, mchanganyiko wa vyakula. Hapa dola ilikiri kwa vitendo jambo ambalo haikuliandika katika sheria yoyote, kwamba upishi ni sehemu ya kazi, na kwamba asipopatikana wa kupika, mbebaji hufa. Baada ya vita fundisho hilo lilisahauliwa haraka. Mishahara iliyowekwa katika mashamba ya mkonge na kahawa miaka ya 1920 ilikuwa ya mwanamume mmoja peke yake, kwa dhana kwamba familia yake ilijilisha kijijini. Manamba aliyetoka Ubena, Songea, Buha au Urundi kwenda kukata mkonge Tanga alirudi katika hali ya mpagazi wa vita: kutwa akikata na kufunga majani, jioni akijipikia.

Kwa upande wa nyumbani, waliobaki walibeba mizigo yote miwili kwa pamoja. Njaa ya Mtunya iliyoikumba Ugogo kati ya 1917 na 1920 haikutokana na ukame tu. Majeshi yalikuwa yamechukua nafaka, mifugo na watu wa kulima. Uchovu wa wanawake wa Ugogo katika miaka hiyo hauna rejista. Hakuna aliyekuwa mwajiri wao.

Kambi za Katanga

Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga ndiyo iliyofikia upesi zaidi uamuzi tofauti. Hadi katikati ya miaka ya 1920 ilitegemea wafanyakazi wa mikataba mifupi walioletwa kutoka mbali, wakiwamo wa Ruanda-Urundi, nao walikufa na kutoroka kwa wingi uliowatia hofu wakubwa wa kampuni. Kuanzia mwishoni mwa muongo huo ilianza kuwapa wafanyakazi mikataba ya miaka mitatu na kuwahimiza wakae na wake na watoto katika kambi za kampuni. Msimamizi mkuu wa siasa hiyo, Léopold Mottoulle, alikuwa daktari, na aliieleza baadaye katika kijitabu cha mwaka 1946. Familia ilipewa posho kulingana na idadi ya watu wake. Kukawa na zahanati za uzazi, shule, na mafunzo ya ushonaji na usafi kwa wanawake.

Mtu anaweza kuisifu siasa hiyo, na vifo vilipungua kweli. Lakini inafaa kusoma kilichofanywa kwa jicho la mwenye nyumba. Kampuni ilikuwa imetambua kwamba mchimbaji anayerudi kwenye chakula kilichoiva na maji yaliyotekwa hupona uchovu wake upesi na kurudi kazini. Hivyo ilimleta mke kambini ili kazi ya kumponya mchimbaji ifanyike kila siku, karibu na mgodi, chini ya usimamizi wake. Posho ya mke iliandikwa katika daftari. Saa zake hazikuandikwa. Kazi ya nyumbani ilikuwa imeingia ndani ya uzio wa kampuni bila kuingia katika hesabu ya kazi.

Lugha nayo ilifuata. Johannes Fabian ameonyesha, katika utafiti wake wa mwaka 1986 kuhusu Kiswahili na mamlaka ya kikoloni nchini Kongo, jinsi vitabu vidogo vya kufundishia Kiswahili kwa ajili ya mameneja na wasimamizi wa Katanga vilivyojaa vitenzi vya amri. Msimamizi alifundishwa kuagiza kabla ya kuuliza. Katika makala yake ya awali ya mwaka 1973 alilichunguza neno kazi lenyewe katika mazungumzo ya wafanyakazi wa migodi waliokuwa wafuasi wa Jamaa, kundi la kidini lililotokana na mafundisho ya Placide Tempels. Inatosha hapa kusema kwamba kwa wafanyakazi hao kazi ilikuwa dhana pana kuliko ajira ya kampuni. Iligusa uhusiano wa watu, ndoa na uzazi. Upana huo wa maana haukuwa ushairi tu. Ulikuwa maelezo sahihi ya maisha ambayo daftari la kampuni liliyakata katikati.

Kisha daftari likafungwa. Gécamines, iliyorithi migodi hiyo, ilipoporomoka tangu miaka ya 1980, mishahara ilichelewa na hatimaye ikakoma. Mwanahistoria wa Lubumbashi Donatien Dibwe dia Mwembu ameeleza katika kitabu chake cha mwaka 2001 jinsi mamlaka ya baba wa familia ya mfanyakazi yalivyotikisika, na wake na watoto wakawa ndio wenye kuleta chakula kwa biashara ndogondogo. Mwanamke aliyekuwa akimponya mchimbaji sasa alibeba gunia la unga au la makaa hadi sokoni, akakaa juani, akarudi kupika. Mizigo yote miwili ilimwangukia yeye, na wakati huu hapakuwa hata na zahanati ya kampuni ya kumuuliza anaumwa wapi.

Kibarua na siku ya kutokwenda

Mombasa inatoa mfano wa kinyume, nao ni mfupi lakini una uzito. Neno kibarua, ambalo leo ni kazi ya kutwa, lilikuwa jina la karatasi ndogo aliyopewa mtu wa kukodishwa. Unguja ya karne ya 19 iliwajua watumwa waliokodishwa kwa namna hiyo na kugawana ujira na mabwana zao. Bandarini Mombasa makuli walioajiriwa kwa siku walishusha na kupakia magunia kwa mgongo, na wengi hawakwenda kila siku. Serikali ya kikoloni iliita tabia hiyo uvivu, na baada ya mgomo wa 1939 na ule mkubwa wa Januari 1947, ulioambatana na jina la Chege Kibachia na African Workers Federation, ilizidi kuamini kwamba dawa ni kumfanya kuli awe mfanyakazi wa kudumu. Usajili wa makuli ulianza mwaka 1954. Frederick Cooper ameisimulia historia hiyo kwa kina, hasa kama vita vya kudhibiti wakati.

Kuna jambo moja la kuongezea hapo. Siku ya kutokwenda haikuwa siku tupu. Kwa kuli mwenye shamba Likoni au Kisauni ilikuwa siku ya shamba; kwa mwingine ilikuwa ya msiba, ya mgonjwa, ya kutengeneza nyumba; na kwa wote ilikuwa siku ya mgongo. Kibarua alikuwa akijipimia mwenyewe, bila daktari, uwiano wa mzigo wa bandari na mzigo wa nyumbani. Mpango wa ajira ya kudumu ulimletea mshahara bora na pensheni, na hakuna sababu ya kuubeza. Lakini ulimnyang'anya kipimo hicho bila kuweka kingine. Hata uchunguzi wa ufanisi wa wafanyakazi wa reli Nairobi, uliochapishwa mwaka 1949 chini ya uhariri wa C. H. Northcott, ambao ulijali lishe na mazingira kuliko nyaraka nyingi za wakati wake, uliuliza hasa kwa nini Mwafrika hazalishi zaidi. Tendo la kuchoka lilikuwa upungufu wa uzalishaji kabla halijawa maumivu ya mtu.

Fidia na swali la hojaji

Sheria za fidia za makoloni ya Uingereza zilifuata mfano wa sheria ya Uingereza ya mwaka 1897, iliyolipa kwa ajali iliyotokana na ajira na kutokea wakati wa ajira. Sheria zilizozirithi, kama ile ya Kenya ya 2007 na ile ya Tanzania ya 2008, zimepanua ulinzi hadi magonjwa ya kazini, na orodha ya magonjwa ya kazini ya Shirika la Kazi Duniani, kama ilivyorekebishwa mwaka 2010, inataja pia maradhi ya misuli na viungo. Hayo ni maendeleo makubwa. Ugumu uliobaki ni wa uthibitisho. Kidole kilichokatwa na mashine kina saa na mahali. Mgongo wa mchuma chai aliyebeba kikapu kwa miaka 15, na kila jioni ndoo ya lita 20, hauna saa wala mahali. Mwanasheria wa mlipaji anaweza kudai kwamba ndoo ndiyo iliyomuumiza, na mdai hana jibu rahisi, maana ndoo imemuumiza kweli. Mpaka uliochorwa na posho ya mpagazi umegeuka kuwa hoja ya kumnyima fidia.

Sayansi ya mwili haiutambui mpaka huo. Huko Uswidi, Marianne Frankenhaeuser na Ulf Lundberg waliwapima mameneja wanawake na wanaume wa kampuni ya Volvo mwishoni mwa miaka ya 1980, wakaona kwamba homoni za mkazo za wanaume zilishuka baada ya kazi, ilhali za wanawake hazikushuka jioni kwa namna hiyo. Hao walikuwa watu wa ofisini, katika nchi yenye maji ya bomba. Mwaka 2013 Mkutano wa 19 wa Kimataifa wa Watakwimu wa Kazi nao uliamua kwamba kuchota maji, kutafuta kuni, kupika na kulea kwa ajili ya kaya ni kazi kwa maana ya kitakwimu, ingawa si ajira. Kwa Kiswahili uamuzi huo ni kama kurudi nyumbani, kwa kuwa msemaji wa kawaida hana shida kusema "kazi za nyumbani". Shida huja anapoulizwa na karani mwenye karatasi. Akiulizwa anafanya kazi gani, mwanamke aliyeamka saa kumi alfajiri atajibu, "Sina kazi, nipo nyumbani tu." Amejifunza kwamba karatasi ina Kiswahili chake.

Hili linawahusu moja kwa moja wanaotafsiri hojaji. Hojaji ya Nordiki ya maumivu ya misuli na viungo, iliyochapishwa mwaka 1987 na kutumika duniani kote, huuliza kuhusu sehemu tisa za mwili, kwa miezi 12 na kwa siku saba zilizopita. Inauliza pia kama maumivu yamemzuia mtu kufanya kazi zake za kawaida, nyumbani au nje ya nyumbani. Waandishi wake, basi, walikuwa wameiona nyumba. Mtafsiri anayeandika "yamekuzuia kwenda kazini?" ameifuta kwa neno moja, na takwimu atakazozipata mshauri wa sera zitaonyesha wanawake wenye maumivu makali ambayo hayawazuii kitu chochote. Si kwamba hayawazuii. Ni kwamba aliyeshindwa kuinua mtungi wiki nzima, akamtuma binti yake asiende shule, hakuulizwa habari za mtungi.

Tafsiri yenye kufaa ingetaja shughuli zenyewe: kuinua ndoo, kubeba mtoto, kusonga, kufua, kulima, kabla ya kutaja kazi ya ujira, na ingeuliza maumivu huanza lini, wakati wa kazi, jioni baada ya mapishi, au asubuhi ya kuamka. Ingetumia mavune pale linapoeleweka, na kulipima katika Kiswahili cha Bujumbura, Goma na Lubumbashi kabla ya kulichapisha, kwa kuwa si kila eneo lina neno hilo na si kila "kuchoka" ni kuchoka kulekule. Salamu za kawaida zinaweza kuwa mwongozo. Kwa muda mrefu aliyerudi kutoka kibaruani amepokewa kwa "pole na kazi". Siku hizi, katika miji ya Tanzania hasa, watu wazima husalimiana "pole na majukumu", na salamu hiyo haimuulizi mtu ametoka wapi.